Hasira Yenu Ina Wateja

Wajukuu zangu, Machi 2012 wengi wenu mlikuwa bado mnajifunza kusoma, kwa hiyo nitawasimulia. Tarehe 5 ya mwezi ule, shirika moja la Marekani liitwalo Invisible Children liliweka mtandaoni filamu ya nusu saa, Kony 2012. Katika siku sita ikatazamwa mara milioni 100. Vijana wa Ulaya na Amerika ambao hawakujua kama Gulu iko kaskazini au kusini mwa Uganda walinunua bangili na mabango, wakawaandikia wabunge wao, wakawabana wanamuziki na waigizaji mpaka waseme neno. Walitaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, akamatwe kabla mwaka haujaisha.

Alistahili kukamatwa, hilo sibishi. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilitoa hati ya kumkamata tangu 2005, na Waacholi wa kaskazini mwa Uganda hawakuhitaji filamu ya kuwaeleza aliwafanyia nini watoto wao. Shaka yangu iko kwingine. Filamu ilipotoka, Kony hakuwa Uganda. Waasi wake walikuwa wameshatoka huko kwa takriban miaka sita, wakirandaranda kwenye misitu ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na Rais Obama alikuwa ameshatuma washauri wa kijeshi wapatao 100 tangu Oktoba 2011. Kwa maneno mengine, filamu haikuomba jambo jipya. Ilichukua uamuzi uliokwisha kupitishwa Washington, ikautafutia mashabiki.

Kuna habari nyingine ambayo sidhani hata mmoja kati ya mia wa mashabiki wale aliijua. Desemba 2008 jeshi la Uganda, likisaidiwa na Wamarekani kwa mipango, taarifa za kijasusi na mafuta, lilishambulia kambi za Kony katika mbuga ya Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Kony akaponyoka. Waasi wake wakageukia vijiji visivyo na askari hata mmoja. Siku ya Krismasi wakaingia Faradje wakati watu wako kwenye sherehe. Wiki zilizofuata wakaua mamia ya Wakongo, wengi kwa rungu na panga, na watoto wakatekwa wakabebeshwa mizigo. Waliopanga mashambulizi yale walikuwa wamefikiria ndege, walikuwa wamefikiria mafuta ya ndege, ila hawakufikiria nani atailinda Faradje. Hiyo ndiyo sera ya nje ikishuka kutoka kwenye karatasi. Kijana wa Ohio aliyebonyeza kitufe cha kusambaza 2012, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa anaomba mkono uleule uongezewe nguvu.

Filamu hiyo ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu waliopoteza ndugu zao katika vita ile, watazamaji walikasirika, mawe yakarushwa, maonyesho yakasitishwa. Walikuwa wamewekwa mbele ya hadithi yao wenyewe wakakuta mwenye hadithi ni Mmarekani aliyeitengeneza filamu na mwanawe mdogo. Aprili 20 ilipofika, usiku ambao miji ya dunia nzima ilikuwa ipambwe kwa mabango, waliojitokeza walikuwa wachache. Mwaka 2017 Marekani ikakunja jamvi ikaenda zake. Septemba 2025, The Hague, majaji walisikiliza mashtaka ya Kony yeye mwenyewe akiwa hajulikani aliko.

Aliyefaidika ni nani, basi? Jeshi la Uganda lilipata mafunzo, usafiri wa anga na usuhuba na Washington. Na hiyo ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Wauganda wenyewe kuandamana kwa kutembea kwa miguu kwenda kazini, Aprili 2011, kupinga ugumu wa maisha, wakajibiwa kwa mabomu ya machozi na risasi. Hao hawakutengenezewa filamu ya kutazamwa mara milioni 100. Serikali inayokusaidia kumsaka mhalifu porini huibani sana kwa inayoyafanya mjini.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kila nikiona mnavyosambaza vitu siku hizi nakikumbuka. Hasira ya kijana ni mali, na mali haikosi mteja. Siwaambii msikasirike. Mimi pia nimezeeka na hasira zangu, na baadhi yake bado ni mbichi. Nawaonya muwajue wanunuzi.

Desemba 2020 Facebook ilitangaza kwamba imefunga akaunti za mitandao mitatu iliyokuwa ikigombea masikio ya watu wa Afrika, hasa Jamhuri ya Afrika ya Kati na Mali. Miwili ilihusishwa na watu wa Yevgeny Prigozhin, yule Mrusi wa kundi la mamluki la Wagner. Wa tatu, kwa maneno ya kampuni yenyewe, uliendeshwa na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa. Pande zote mbili zilijifanya Waafrika. Waliandika kama raia wenye uchungu na nchi yao, wakaombana urafiki, wakazozana kwenye maoni, kila upande ukiuita mwenzake feki. Na kweli kila upande ulikuwa feki! Hebu mfikirieni kijana halisi wa Bangui aliyeingia katikati ya ugomvi ule kwa bando lake la kuungaunga, akachagua upande, akakosana na binamu yake kwa ajili ya Mrusi na Mfaransa waliokaa mezani mbali kabisa na mji wao.

Mwaka 2025 nililetewa simuni, na watu ninaowaheshimu, video za wanamuziki wakubwa wa Marekani wakimwimbia Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso. Hawakuimba. Sauti zile zilitengenezwa kwa akili mnemba. Nikimwambia aliyeniletea, ananijibu, "Mzee, lakini ujumbe ni wa kweli." Hapo ndipo ninapochoka. Mpende Traoré ukitaka. Kinyongo cha Afrika Magharibi dhidi ya Ufaransa kina sababu zake, na sababu hizo ni za miaka mingi. Lakini anayeamini kweli ya jambo lake huwa hana haja ya kumtilia maneno mdomoni mtu ambaye hakuyasema. Na aliyekudanganya kwa jambo unalolipenda atakudanganya kesho kwa jambo litakaloigharimu nchi yako.

Wanunuzi wengine wako karibu zaidi. Sisi Tanzania tunawaita chawa wale wanaolipwa kusifia. Kenya, utafiti wa Mozilla wa 2021 ulikuta vijana wakilipwa kama dola 10 hadi 15 ili washiriki kampeni za kuvuma Twitter, nyingine za kuwachafua majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kubadili katiba, ule wa BBI. Dola 10! Simlaumu sana anayezichukua akiwa hana kazi. Namlaumu anayeona jambo linavuma, akadhani ndiyo sauti ya umma, akajiunga bure.

Nisije nikaonekana mzee anayechukia simu, nitawaeleza pia pale mlipofanya vizuri, maana niliona kwa macho yangu. Oktoba 2022 serikali yetu ilitiliana saini na Dubai makubaliano kuhusu bandari, na Juni 10, 2023 Bunge likayaridhia. Mwanzoni nilitegemea kelele za kawaida. Badala yake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika umri wangu wote: watu wa kawaida wanasoma mkataba wa kimataifa. Nakala iliingia kwenye makundi ya WhatsApp, kwa Kiingereza kigumu cha wanasheria, na vijana wakaanza kuifasiri kwa sauti, kifungu kwa kifungu, usiku wa manane. Madereva wa bodaboda wakawa wanabishana juu ya Ibara ya 23. Ile ibara ilisema makubaliano yataendelea mpaka shughuli zote za miradi zikome kabisa, na kwamba hakuna upande utakaojitoa, hata kwa kuvunjika kwa uhusiano wa kidiplomasia. Mzee mwenzangu mmoja, ambaye hajawahi kusoma hata mkataba wa nyumba anayopanga, aliniuliza kwa upole, "Sasa mwenzangu, ukomo uko wapi?" Swali lile lilitosha. Hakuna waziri aliyeweza kulijibu kwa kumtukana aliyeuliza.

Kesi ikafunguliwa Mbeya, Mahakama Kuu ikaitupa Agosti 10. Siku chache baadaye maaskofu Katoliki wakatoa tamko la kupinga. Baadhi ya wapinzani wa mkataba wakakamatwa. Oktoba, mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Dodoma, ilikuwa na ukomo wa miaka 30. Sisemi ni nyinyi peke yenu mliouleta; ndani ya serikali nako kuna watu wanaojua kusoma. Nasema swali la ukomo lilikuwa limeshakuwa la nchi nzima, na mezani hakuna aliyeweza kujifanya hajalisikia.

Lakini kumbukeni pia jinsi lilivyotaka kuharibika. Wiki chache baada ya Bunge kuridhia nilianza kuona mjadala unahama kutoka kwenye ibara na kuingia kwenye nasaba za watu. Mara "Waarabu wanarudi", mara "Wazanzibari wanaiuza Bara", mara aliyehoji anaulizwa anasali wapi. Kila mjadala ulipohamia huko, mwenye mkataba alipumua. Ibara ya 23 ilikuwa haijibiki. Kashfa ya udini inajibika kirahisi sana, tena anayejibu anaonekana mlinzi wa amani. Sikujua kama ni wajinga wetu wenyewe au kuna waliotumwa, na kwa kweli matokeo yalikuwa mamoja. Mkikuta mtu anawavuta kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye damu na dini, hata kama yuko upande wenu, mwondoeni kwenye kundi. Huyo ni mzigo.

Sasa nije kwa jirani. Juni 25, 2024 mnaikumbuka wote. Wabunge wa Kenya waliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi barabarani. Kesho yake Rais Ruto akasema hautii saini. Vijana wale waliujua mswada kuliko wabunge wengi: kodi kwenye mkate, kodi ya magari, yote walikuwa wameyachambua kwa lugha za mama zao. Niliwaheshimu na bado nawaheshimu, na mama zao waliozika sina neno la kuwaambia.

Ila tazameni kalenda. Juni 24, siku moja kabla, Marekani iliitangaza rasmi Kenya kuwa mshirika wake mkuu wa kijeshi asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa cheo hicho. Juni 25 yenyewe, saa ambazo Nairobi inanuka moshi, polisi wa kwanza wa Kenya wapatao 200 walitua Port-au-Prince, Haiti. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imesema Januari kwamba kuwapeleka ni kinyume cha katiba bila makubaliano ya pande mbili. Machi mosi makubaliano yakasainiwa, safari ikaendelea. Aliyefungua kesi ile, Ekuru Aukot, alipata wafuasi wangapi mkilinganisha na waliopinga kodi ya mkate? Naelewa. Mkate uko mezani, Haiti iko ng'ambo ya bahari. Lakini ni mambo ya nyumba moja. Nyuma ya mswada kulikuwa na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulioanza Aprili 2021, na masharti ya kuongeza mapato. Nyuma ya polisi wa Haiti kulikuwa na nchi inayotafuta nafasi nzuri Washington. Serikali yenye rafiki mkubwa nje huwa na sababu chache za kuwaogopa watu wake wa ndani. Mkono mtupu haulambwi, na huu mmoja ulikuwa umeshalambwa.

Mswada ulikufa, mkopo haukufa. Desemba ileile Bunge lilipitisha sheria nyingine za kodi, na baadhi ya yaliyokataliwa Juni yakarudi kwa mlango wa pembeni. Wakati huo hashtagi zilikuwa zimeshapoa. Waliobaki wakiandika maoni yao kwa kamati ya Bunge, kwa karatasi, walikuwa wachache, na wao ndio ningependa muwaige.

Mtaniambia, babu, nyinyi je? Sisi tulikulia Dar es Salaam ambayo ilikuwa kitovu cha harakati za bara zima. FRELIMO ilizaliwa hapa 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963 mpaka 1994, Afrika Kusini ilipopiga kura. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukakwama. Tuliijua bei ya msimamo wetu kwa tarakimu. Miaka 31 kamati ile ilifanya kazi, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya kuchosha: pasi za kusafiria, vitanda, dawa, mahindi, vikao visivyoisha vya watu wasioelewana.

Lakini sitaki kuwapambia. Sera ile ilikuwa ya wakubwa. Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, na sisi wananchi tukasikia redioni, jambo limekwisha. Hakuna aliyetuuliza, wala hatukujua kama tuna haki ya kuulizwa. Nyinyi mnaweza kuuliza. Katiba yetu, Ibara ya 63, imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Kenya wana sheria ya mikataba ya 2012 inayotaka wananchi washirikishwe. Mlango tuliotamani sisi uko wazi nusu, na nyinyi mmesimama nje mnapiga picha.

Kuhusu simu yenyewe nina neno moja zito. Mtandao wa X ulifungwa kwetu Mei 2025. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, intaneti nzima ikazimwa, ikakaa giza siku kadhaa, na ilipowashwa watu wakaonywa wasisambaze picha. Waliokufa siku zile wanastahili maandishi yao peke yao, siwapitii hapa kwa haraka. Nasema tu kwamba waliokuwa wanategemea simu ili wajue wenzao wako wapi, walibaki hawajui. Vijana ambao harakati zao zote ziko kwenye kundi la WhatsApp, mwenye swichi anaweza kuwatawanya bila kutuma askari hata mmoja. Jueni nyumba za wenzenu. Jueni mama yake nani anaumwa.

Na wapo wanaowahimiza kutoka ughaibuni. Wengine ni watu wema waliokimbia kwa sababu za kweli, nisingependa kuwavunjia heshima. Lakini akikuambia leo ndiyo siku, mwulize yeye kesho atakuwa wapi. Hali kadhalika balozi anayetoa tamko kali. Nchi yake itapima madini, bandari na majeshi, halafu itapima uchungu wako, kwa mpangilio huohuo. Misri iliwahi kuwafundisha wengi hilo: uwanja wa Tahrir ulimng'oa Mubarak Februari 2011, Julai 2013 jeshi likarudi madarakani, na misaada ya kijeshi ya Marekani, baada ya kusitasita kidogo, ikaendelea.

Mkitaka mfano wa subira, uko Nanyuki. Binti mmoja aliuawa pale 2012, mwili wake ukakutwa kwenye tangi la maji machafu la hoteli waliyokuwa wakistarehe askari wa Uingereza. Uchunguzi wa hakimu wa Kenya ulisema 2019 kwamba aliuawa na askari mmoja au zaidi wa Uingereza. Mtandaoni habari ile ilivuma 2021, gazeti la London lilipoiandika, kisha ikatulia. Familia haikutulia. Walirudi mahakamani, na wanasheria wao, na faili lao, mpaka Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikatoa hati ya kumkamata aliyekuwa askari wa Uingereza. Miaka kumi na mitatu, dhidi ya mkataba wa ulinzi wa nchi mbili. Mlivyovuma 2021 mliwasaidia, maana aibu ilifika London. Lakini uvumi wenu usingepata pa kushika kama yule hakimu hangekuwa ameshaandika.

Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje husomwa Dodoma kila mwaka, kwa kawaida mwezi Mei, na huwekwa wazi kwa mwenye kutaka kuisoma. Ni ndefu, ina salamu nyingi za pongezi kurasa za mwanzo, mnaweza kuziruka. Ndani yake mna orodha ya mikataba. Nimewaomba vijana wa mtaani kwetu tuisome pamoja barazani, jioni, sura kwa sura. Waliokubali si wengi, na mmoja ameshaniuliza kama mzee atatoa bando la kuipakulia. Nitatoa.